Vita vya Kondoa Juu ya Mkeka

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

  

Leo hatutaanza na ubao. Mwalimu wa kundi, tafadhali tandika mkeka katikati ya darasa, na wanafunzi wakae kuuzunguka. Tunahitaji vitu vichache tu, na vyote vimo nyumbani: punje 40 za mahindi, maharage 30, kamba fupi, kokoto kadhaa na vikombe vinne. Mwenye kalamu na daftari aviweke karibu, maana baadaye tutapiga hesabu.

Tayari? Basi tuanze.

NENO KIFARU

Sisi wenyeji wa nyanda za kati tunamjua kifaru. Ni mnyama mwenye ngozi nene na pembe puani, naye akikasirika huja mbele moja kwa moja bila kutazama kushoto wala kulia. Lakini neno hilo lina maana ya pili. Kifaru ni gari la vita lililofunikwa kwa chuma kila upande. Halitumii magurudumu ya kawaida kukanyaga ardhi, bali hutembea juu ya minyororo mipana ya chuma, na ndani yake wamo askari wenye mzinga au bunduki za rashasha. Nadhani mnaona kwa nini Waswahili walilipa jina hilo. Waingereza, waliolitengeneza kwanza, waliliita tangi. Walitaka watu wadhani kwamba kiwandani yanatengenezwa matangi ya maji, ili Wajerumani wasipate habari.

Vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, nchini Ufaransa, karibu na mto Somme. Tuukumbuke mwaka huo wa 1916, kwa sababu tutaurudia.

Huko Ulaya wapo watu wengi, wake kwa waume, wanaopenda kujifunza vita vya zamani kwa kuvichezea juu ya meza. Huweka vilima vidogo, nyumba ndogo, na vifaru vidogo vinavyoenea kiganjani. Kisha watu wawili hukaa huku na huku, kila mmoja akiongoza jeshi lake, na kurusha dadu ili kujua kama risasi imepata au imekosa. Mchezo huu ni wa siku nyingi. Katika mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, jina lake von Reisswitz, aliuonyesha kwa wakuu wa jeshi lake, nao wakautumia kufundishia maofisa. Katika mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kuwafundisha raia namna ya kuucheza kwa askari wa bandia.

Pengine mtu atauliza: Je, huu si upuuzi wa watoto? Hapana. Anayetaka kucheza vita vya kweli juu ya meza hana budi kutafuta habari za kweli kwanza. Ni lazima ajibu maswali manne. Tafadhali yaandikeni:

1. Ni nani waliopigana, na walikuwa wangapi?
2. Nchi yenyewe ilikuwaje: vilima, mito, njia na mvua?
3. Kila upande ulitaka nini?
4. Kila upande ulijua nini, na haukujua nini?

Swali la nne ndilo gumu, na ndilo lenye mafunzo. Sisi tunaosoma leo tunajua mwisho wa habari. Wale waliokuwa pale hawakuujua.

MFANO WA ULAYA: ARRAS, MWAKA 1940

Tuchukue mfano mmoja ambao wachezaji wa vifaru vya Waingereza huupenda sana. Katika Vita Kuu ya Pili, mwezi wa Mei 1940, Wajerumani waliingia Ufaransa kwa kasi kubwa. Tarehe 21 Mei, Waingereza walijaribu kuwapiga ubavuni karibu na mji wa Arras. Walikuwa na vifaru 74. Katika hivyo, 58 vilikuwa vidogo, vyenye bunduki za rashasha tu. Vile 16 vilivyosalia vilikuwa na mizinga. Vyote vilikwenda polepole, lakini chuma chao kilikuwa kinene. Mizinga midogo ya Wajerumani ya kupigia vifaru ilipiga na kupiga, na risasi zikaruka pembeni kama mvua ya mawe juu ya bati.

Hofu iliwaingia Wajerumani. Mkuu wao mahali pale, Rommel, alikwenda mwenyewe kuwapanga wapiga mizinga. Wakatumia mizinga mikubwa, hata ile ya kupigia ndege, nayo ikatoboa chuma. Jioni Waingereza walirudi nyuma, na vifaru vyao vingi havikurudi.

Sasa tulijibu swali la nne. Waingereza hawakujua ni Wajerumani wangapi walioko mbele yao. Wajerumani nao hawakujua kwamba vifaru vile ni vichache, wakadhani ni jeshi kubwa zaidi. Kwa hiyo upande mmoja ulikwenda mbele kama kipofu, na mwingine ukaogopa kuliko ilivyostahili. Anayecheza vita hivi mezani huku akiona kila kitu, hajaelewa vita vya Arras.

VITA VYA KWETU

Ndugu zangu, tunaweza kukaa hapa jioni nzima tukizungumza habari za Ufaransa. Lakini mbona tuende mbali? Katika mwaka ule ule wa 1916, miezi minne kabla ya kifaru cha kwanza kuonekana Ulaya, vita vilipiganwa hapa kwetu, Kondoa Irangi, katika nchi ya Warangi. Ni kiasi cha maili 100, yaani kilometa 160, kaskazini ya mji wa Dodoma. Hivyo ndivyo tutakavyoviweka juu ya mkeka.

Kwanza tueleze chanzo. Wakati huo Tanzania bara ilikuwa koloni la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliokuwa Kenya na Uganda walipigana na Wajerumani waliokuwa hapa. Mkuu wa jeshi la Wajerumani alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Maofisa wake walikuwa Wazungu, lakini askari wake wengi sana walikuwa Waafrika. Upande wa Waingereza walikuwako Waafrika wa King's African Rifles, Wahindi, Waingereza, na Makaburu na Waingereza waliotoka Afrika Kusini. Mwezi wa Februari 1916, mkuu wa upande huo akawa Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini.

Waingereza walikuwa na magari ya deraya, yaani motokaa zilizofunikwa kwa chuma. Waliyatumia upande wa Taveta na Kilimanjaro, penye nchi kavu na wazi. Lakini gari la magurudumu halipendi tope, wala mchanga wa korongo, wala miiba. Mwenye kutaka kufika Kondoa wakati wa masika alitegemea farasi, ng'ombe wa kukokota, na miguu ya binadamu.

Sasa tupange mkeka.

Chukueni kamba, mwilaze upande wa kusini, kutoka mashariki hadi magharibi. Hiyo ndiyo reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wekeni kokoto moja juu ya kamba. Hapo ni Dodoma.

Kutoka Dodoma pimeni shibiri nane kwenda kaskazini. Kila shibiri ni mwendo wa siku moja wa mtu mwenye mzigo, kiasi cha kilometa 20. Mwisho wa shibiri ya nane wekeni kokoto ya Kondoa. Kuizunguka Kondoa pangeni vilima vinne kwa kokoto ndogo. Arusha iko mbali zaidi kaskazini, nje ya mkeka wetu.

Kila punje ya mahindi au ya haragwe ni watu 100. Mahindi ni jeshi la Wajerumani: punje 40, kwa maana Lettow-Vorbeck alikusanya karibu watu 4,000. Maharage ni jeshi la Waafrika Kusini: punje 30, maana walikuwa kama 3,000.

JINSI WALIVYOFIKA

Mwezi wa Aprili 1916, Smuts alimtuma Jenerali Jacob van Deventer kutoka Arusha kwenda kusini na askari wa farasi. Alitaka waikaribie reli ya kati na kuikata. Ukikata reli umelikata koo la jeshi la Wajerumani, kwa sababu chakula, risasi na watu walipita humo.

Van Deventer alikwenda mbio. Aliwashinda Wajerumani katika mlima wa Lolkisale, akapita Ufiome, na tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa. Ilikuwa safari ya ajabu kwa upesi wake. Lakini tazameni gharama yake. Farasi walikufa kwa mamia njiani kwa ugonjwa, kwa mbung'o na kwa uchovu. Kisha masika ikashuka. Mito ilifurika, magari ya ng'ombe yakazama katika tope, na askari waliokuwa Kondoa wakawa kama watu walioko kisiwani. Walipata njaa, na homa ikawaangusha wengi. Hawakuweza kwenda Dodoma, wala hawakutaka kurudi Arusha.

Lettow-Vorbeck alikuwa upande wa Usambara. Alipopata habari aliona nafasi. Aliwaacha askari wachache kumzuia Smuts, akawachukua wengi kwa miguu hadi reli ya kati, wakapanda gari moshi mpaka Dodoma. Kutoka hapo walitembea kwenda Kondoa. Walikokota pia mzinga mkubwa uliotoka katika manowari ya Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Wajerumani waliiokoa mizinga yake kumi, wakaifunga magurudumu. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana leo Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Fikirini jambo hilo: mzinga wa meli ya baharini, unavutwa katika vumbi na tope la Ugogo na Irangi!

USIKU WA TAREHE 9 MEI

Sasa tucheze. Kanuni hizi tumezitunga wenyewe, ziwe rahisi.

Gaweni darasa makundi mawili. Kundi la maharage litoe punje 10 na kuziweka kando: hao ni wagonjwa. Zimebaki 20. Wenye maharage wazifiche chini ya vikombe vinne, kimoja kwa kila kilima, wapendavyo wao. Wanaweza kuweka tano tano, au nyingi hapa na chache pale. Kundi la mahindi lisitazame.

Kundi la mahindi litoe punje 10 za kulinda mizigo na mizinga. Zimebaki 30. Wenye mahindi wachague vilima viwili vya kushambulia, na kuzigawanya punje 30 baina ya vilima hivyo kabla kikombe hakijafunuliwa. Aliye juu ya kilima na ndani ya handaki ana nguvu ya watu watatu, kwa hiyo kila haragwe huhesabiwa mara tatu. Maharage matano ni nguvu ya 15. Mahindi ni lazima yazidi hesabu hiyo, si kulingana nayo tu. Wakitwaa vilima vyote viwili wameshinda. Wakitwaa kimoja tu, kutakucha nao wamo katikati ya adui; hawana budi kurudi.

Haya, fichueni vikombe. Chezeni mara moja, halafu badilishaneni nafasi. Mwalimu wa kundi, wape dakika chache.

(Hapa palikuwa na ngoma kwa muda mfupi.)

Bila shaka mmepiga kelele nyingi. Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa.

Jioni ya tarehe 9 Mei 1916, Lettow-Vorbeck aliona askari juu ya vilima vilivyo mbele ya Kondoa. Alidhani ni kituo cha walinzi wachache. Akaamuru kishambuliwe gizani. Kumbe nyuma ya walinzi wale palikuwa na mstari hasa wa ulinzi, na askari wa miguu wa Afrika Kusini walikuwa wamejichimbia. Askari wa Wajerumani walipanda mara ya kwanza, wakarudishwa. Wakapanda tena. Mapigano yaliendelea usiku kucha, mara nyingine kwa umbali wa hatua chache tu. Ofisa aliyeongoza shambulio, von Kornatzki, aliuawa. Kabla ya mapambazuko walirudi nyuma na kuwaacha wenzao waliokufa miteremkoni.

Baada ya usiku ule majeshi yalikaa yakitazamana kwa majuma mengi, yakipigana kwa mizinga. Mwezi wa Juni, kwa kuwa Smuts alikuwa akisonga mbele kuufuata mto Pangani, Lettow-Vorbeck aliondoa askari wake Kondoa ili wasizungukwe. Mwisho wa Julai 1916 Van Deventer aliingia Dodoma. Mnamo Septemba Waingereza waliingia Dar es Salaam, na Wabelgiji kutoka Kongo wakaingia Tabora. Lakini Lettow-Vorbeck hakukamatwa. Vita viliendelea kusini mpaka Novemba 1918.

Mnaona jinsi Kondoa na Arras zinavyofanana? Mmoja alikuwa na vifaru, mwingine alikuwa na askari wa miguu. Lakini wote wawili walishindwa na kitu kilichofichwa chini ya kikombe.

MTU ASIYE NA PUNJE

Tungeweza kukomea hapa, tukakunja mkeka na kwenda kulala. Vitabu vingi vya vita hukomea hapa. Lakini mtazameni tena mkeka wenu. Kuna watu ambao hatukuwapa hata punje moja.

Nani aliyebeba unga wa askari wale? Nani aliyebeba risasi, mahema, na viti vya maofisa? Ni wapagazi. Chukueni kalamu, tupige hesabu. Ni hesabu ya mfano, lakini itatuonyesha jambo la kweli.

Mpagazi mmoja abebe kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe ale kilo moja kila siku. Aende siku 10, arudi siku 10. Kwa siku 20 atakula kilo ngapi? Naam, kilo 20. Basi katika kilo 25 alizobeba, atakazowapa askari ni kilo ngapi? Kilo tano tu!

Sasa askari 200 wanakula kilo 200 kwa siku. Kila mpagazi analeta kilo tano. Kwa hiyo wanatakiwa wapagazi 40 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja anakaa njiani siku 20, zidisheni 40 kwa 20. Jibu ni 800. Wapagazi 800 kwa kulisha askari 200! Bado hatujahesabu risasi, wala mzigo unaolowa mvua na kuoza, wala mpagazi anayeugua.

Ndiyo sababu vita hivi viliwameza watu namna ile. Waingereza peke yao, katika miaka yote ya vita katika Afrika Mashariki, walitumia wapagazi kiasi cha milioni moja wa nchi mbalimbali. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, homa, baridi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki katika miji yetu. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam, penye soko kubwa, umepata jina lake kwa Kiingereza cha kikosi cha wapagazi, ambacho Waswahili walikitamka kwa ulimi wao.

Wagogo walichukuliwa na pande zote mbili. Kwanza Wajerumani walitaka wapagazi, ng'ombe na nafaka. Walipoondoka wakaja Waingereza, nao wakataka wapagazi, ng'ombe na nafaka. Mkulima hakuulizwa anampenda nani. Ghala lake ni moja, na wageni ni wawili.

MTUNYA

Kila mtu wa Ugogo anajua kwamba nchi hii ina mvua chache. Wazee wetu walijua namna ya kuishi nayo. Walilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia jua. Waliweka akiba ya mwaka mzuri kwa ajili ya mwaka mbaya. Walifuga ng'ombe, na njaa ikija waliwapeleka ng'ombe kwa jirani mwenye nafaka na kurudi na chakula. Akiba, mifugo na jirani: hayo ndiyo mafiga matatu yaliyokishika chungu.

Vita viliyang'oa yote matatu. Akiba ililiwa na majeshi. Ng'ombe waliswagwa. Jirani naye alikuwa hana kitu. Na vijana wenye nguvu za kulima walikuwa njiani, na mizigo kichwani. Hapo ndipo mvua ikakosekana.

Njaa iliyokuja kati ya miaka 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya, maana yake kunyang'anyana, kugombea. Jina lenyewe linatueleza hali ilivyokuwa. Watu walichimba mizizi porini. Familia ziliacha nyumba zao na kwenda mbali kutafuta chakula, na wengi hawakufika. Juu ya njaa yakaja na maradhi: mwisho wa mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilifika katika Afrika Mashariki. Ilikadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma, yenye watu kama 150,000, walikufa kiasi cha 30,000. Yaani katika kila watu watano alikufa mmoja.

Ndugu zangu, hesabuni watu watano mliokaa karibu kuuzunguka mkeka. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Mmoja wao hayupo.

Sasa tulinganishe. Usiku ule wa Kondoa, ambao maofisa waliuandikia vitabu, waliouawa hawakufika mia mbili. Mtunya ulikuwa na maelfu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Je, vita vya Kondoa vilikwisha lini? Ukimwuliza ofisa, atakuambia vilikwisha mwezi wa Juni 1916. Ukimwuliza mama wa Ugogo aliyeishi siku zile, angekuambia vilikwisha mwaka 1920, mvua iliponyesha na uwele ukakomaa.

Hatusemi kwamba kucheza vita juu ya mkeka ni kosa. Leo mchezo umetufundisha kupima nchi, kuhesabu, na kufikiri mtu mwingine alijua nini. Lakini kila mchezo huacha kitu nje, na mtu mzima aliyesoma hana budi kuuliza: Kimeachwa nini? Katika michezo ya vifaru vya Ulaya pia ni hivyo. Juu ya meza kuna kifaru, kilima na nyumba ndogo. Mkulima wa Ufaransa aliyekuwa akiishi katika nyumba ile yuko wapi? Na kifaru chenyewe hakiendi bila petroli. Nani aliyeileta?

Na angalieni tulivyotumia punje za mahindi na maharage kuwa askari. Katika vita vya kweli ilikuwa kinyume. Punje hazikuwa askari. Punje zililiwa na askari. Nazo zilikuwa ni za watoto wa mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Van Deventer hakuweza kwenda mbele kutoka Kondoa mwezi wa Mei 1916?
2. Lettow-Vorbeck hakujua jambo gani usiku wa tarehe 9 Mei?
3. Pigeni hesabu ya mpagazi tena, lakini safari iwe siku 12 kwenda na siku 12 kurudi. Atawapa askari kilo ngapi? Mnaona nini?
4. Wazee wa Ugogo walikuwa na njia gani tatu za kujikinga na njaa? Katika kijiji chenu leo, akiba inawekwa namna gani?
5. Kama mngeongeza punje za wapagazi na za wakulima katika mchezo wetu, kanuni zake zingekuwaje?

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

Kifaru: gari la vita la chuma lenye minyororo.
Deraya: vazi au ganda la chuma la kumkinga mtu vitani.
Manowari: meli ya vita.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo ya watu kwa safari.
Handaki: shimo refu la kujificha askari.
Akiba: kitu kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, amwamkie kwa heshima, na kumwuliza: Babu, au bibi, wazazi wako na babu zako walikusimulia nini juu ya Mtunya, au juu ya njaa nyingine yoyote? Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa mistari mitatu tu. Andikeni pia jina la mzee na jina la kijiji. Vitabu vya maofisa vipo, na vimehifadhiwa vizuri. Maneno ya wazee wetu hayatahifadhiwa na mtu mwingine ila sisi tuliojifunza kuandika.

Sasa kusanyeni punje zote, msiache hata moja juu ya mkeka. Kesho zitapikwa.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Mlale salama.